Sayari Ndogo Iitwayo Mombasa

Wasomaji wetu wa pwani na wa bara wanaijua Mombasa, mji wa kisiwani wenye bandari ya kale na ngome iliyoelekea bahari. Huenda wengi hawajapata habari kwamba iko Mombasa ya pili, isiyokuwa na bandari wala watu, nayo husafiri mbinguni mbali sana na dunia yetu, ikilizunguka jua mara moja katika muda wa miaka 4 na miezi 8 na siku kadha wa kadha. Hiyo ni sayari ndogo, yaani jiwe kubwa liendalo katika nafasi iliyo kati ya Mirihi na Mshtarii. Ilivumbuliwa tarehe 5 Julai, 1937, katika mji wa Johannesburg, Afrika ya Kusini, na mtaalamu wa nyota aitwaye Cyril Jackson.

Katika somo hili twataka kueleza mambo matatu: namna sayari hiyo ilivyopatikana, jinsi njia yake ilivyo, na jinsi watu walivyopata kuijua njia hiyo. Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Kitu kiendacho hakijulikani kwa kuonwa mara moja. Hujulikana siku ile mtu awezapo kusema kesho na mwakani kitakuwa mahali gani, kisha watu wakatazama hapo wakakiona.

NYOTA ZIKAAZO NA NYOTA ZIENDAZO

Mkulima atazamaye Kilimia apate kujua majira ya kupanda, na nahodha ashikaye njia ya bahari kwa nyota, wote wawili hutegemea jambo moja, nalo ni kwamba nyota hazibadili mahali pake baina yao wenyewe. Kilimia huchomoza na kutua, lakini nyota zake hubaki katika ujirani ule ule waliouona babu zetu.

Ziko chache zisizofuata desturi hiyo. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali huonekana kwa macho matupu, na mtu akizitazama usiku baada ya usiku ataona zinahama, leo ziko karibu na nyota hii, mwezi ujao ziko karibu na nyota nyingine. Waarabu waliziita kwa neno lenye maana ya kwenda na kusafiri, na huko ndiko lilikotoka neno letu sayari. Dunia yetu nayo ni mojawapo, na zote hulizunguka jua.

Umbali wa dunia na jua ni kama kilometa milioni 150. Ili tusichoshwe na hesabu kubwa, tuuite umbali huo kipimo 1. Kwa hesabu hiyo Mirihi iko mbali na jua kwa vipimo 1.52, na Mshtarii kwa vipimo 5.20. Wataalamu wa Ulaya wa karne ya 18 waliona kwamba pengo lililo kati ya hizo mbili ni kubwa kupita kiasi, wakadhani lazima iko sayari moja isiyojulikana. Mwaka 1800 wataalamu kadhaa wa Ujerumani walipatana kuitafuta kwa pamoja, kila mtu apewe sehemu yake ya mbingu. Lakini kabla hawajafika mbali, kitu kilichotafutwa kilionwa na mtu ambaye hakuwa akikitafuta.

PADRE WA PALERMO

Giuseppe Piazzi alikuwa padre na mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota katika mji wa Palermo, kisiwani Sicily. Kazi yake ilikuwa kuandika orodha ya nyota, kila nyota na mahali pake, na desturi yake ilikuwa kuipima kila nyota kwa usiku zaidi ya mmoja ili asikosee. Usiku wa tarehe 1 Januari, 1801, alipima kinyota kimoja hafifu. Usiku wa pili alipokipima tena, aliona hakipo mahali alipopaandika. Kilikuwa kimesogea kidogo. Usiku wa tatu na wa nne kikasogea tena. Hapo Piazzi alijua kwamba kile si nyota ya kawaida. Alitangaza kwamba huenda ni nyota ya mkia, ingawa hakuona mkia wo wote, na moyoni alitumaini kuwa ni kitu bora zaidi.

Alikifuata mpaka tarehe 11 Februari, ndipo akashikwa na ugonjwa. Barua zake zilikawia njiani. Ile aliyowapelekea wataalamu wa Berlin ilifika mwezi wa Machi. Wakati huo kinyota kilikuwa kimekwisha kuingia upande wa jua, kikafunikwa na mwanga wake, hakuna aliyeweza kukiona. Baada ya miezi kadhaa kingetokea upande wa pili, lakini mahali gani? Mbingu ni pana, na kinyota chenyewe ni hafifu, hakina alama ya kukitambulisha kati ya maelfu ya wenziwe. Piazzi alikuwa amekiona kikipita sehemu ndogo tu ya njia yake. Sayari iliyongojewa miaka mingi ilikuwa imeonwa na kupotea.

Hapo ndipo alipotokea Carl Friedrich Gauss wa Brunswick, kijana wa miaka 24, hodari wa hesabu.

KAZI YA GAUSS

Ili wasomaji wetu wapate kuona ugumu wa kazi yake, na wafikiri habari ya mtu aliyesimama ufukoni usiku, akaona taa ya dau mbali baharini. Taa yamwonyesha dau liko upande gani, lakini haimwambii liko umbali gani. Labda ni dau dogo lililo karibu, labda ni jahazi kubwa lililo mbali. Ndivyo ilivyo kwa mtazama nyota. Kila apimapo hupata hesabu mbili tu: kitu kiko kiasi gani kulia au kushoto, na kiasi gani juu au chini. Umbali haupati. Tena ufuko anaosimama si imara kama ule wa bahari, maana dunia yenyewe inakwenda.

Basi, ili njia ya kitu kilizungukacho jua ijulikane kamili, zatakiwa hesabu sita. Ya kwanza ni ukubwa wa njia. Ya pili ni umbo lake, kama ni duara kamili au imevutwa. Ya tatu ni mwinamo wake, yaani imeinama kiasi gani kuliko njia ya dunia. Ya nne ni upande inakoinamia. Ya tano ni upande ambako njia inalikaribia jua zaidi. Ya sita ni mahali kilipokuwa kitu chenyewe katika siku fulani. Sasa, kipimo kimoja cha mbinguni huleta hesabu mbili. Vipimo vitatu vya usiku tatu huleta sita. Kwa hiyo usiku tatu zilizopimwa vema zaweza kutosha, kama yuko mtu ajuaye kuzifungua zile sita zilizofichika ndani yake. Wataalamu wengine walijaribu kwa kudhani kuwa njia ni duara kamili. Gauss hakudhani cho chote; aliliacha umbo la njia litoke katika vipimo vya Piazzi wenyewe, na alipomaliza alionyesha mahali palipo mbali na pale walipopaonyesha wengine.

Mwezi wa Desemba, 1801, Franz Xaver von Zach wa Ujerumani alielekeza darubini yake karibu na mahali pa Gauss. Usiku wa tarehe 31 Desemba alihakikisha kwamba kinyota kile kipo. Usiku uliofuata, mwaka mzima kamili tangu Piazzi alipokiona mara ya kwanza, Heinrich Olbers naye alikiona kwa darubini yake mwenyewe. Kiliitwa Ceres, jina la mungu wa kike wa nafaka katika dini ya Warumi wa kale.

Baadaye yalifuata mavumbuzi mengine: Pallas mwaka 1802, Juno mwaka 1804 na Vesta mwaka 1807. Ikawa dhahiri kwamba katika pengo lile haimo sayari moja kubwa, bali kundi la sayari ndogo. Ceres ndiyo kubwa kuliko zote. Upana wake ni kama kilometa 940, na tangu mwaka 2006 wataalamu wameihesabu katika jamii ya sayari kibeti.

PICHA ZA JOHANNESBURG

Watafutaji wa zamani walitazama kwa jicho na kuandika kwa kalamu. Mwaka 1891 Max Wolf wa Ujerumani alianzisha njia nyingine, akavumbua sayari ndogo kwa kupiga picha. Bamba la kioo lililopakwa dawa ya kunasa nuru huwekwa katika kamera, na kamera huzungushwa polepole kwa mtambo ili ifuate nyota zinavyokwenda kutua. Nyota hutokea juu ya bamba kama vitone. Lakini kama sayari ndogo imo, kwa kuwa yenyewe inahama wakati ule wote, alama yake huwa ni kistari kifupi.

Johannesburg kulikuwa na nyumba ya serikali ya kutazamia nyota iliyoitwa Union Observatory. Ilikuwa mahali pa juu, na kutoka huko yaonekana vizuri mbingu ya kusini, ambayo watazamaji wa Ulaya hawaioni yote. Ilikuwa na kamera kubwa za kupigia nyota picha, tena chombo cha kulinganisha mabamba mawili ya sehemu moja ya mbingu yaliyopigwa nyakati mbalimbali. Mtazamaji huweka jicho lake, na chombo humwonyesha bamba la kwanza, kisha la pili, kisha la kwanza tena, upesi upesi. Nyota zote hutulia. Kitu kilichohama katikati ya picha hizo mbili huonekana kinarukaruka, nacho hujidhihirisha mara moja. Kwa njia hiyo Robert Innes, mkuu wa nyumba hiyo, alivumbua mwaka 1915 nyota iliyo karibu na jua letu kuliko nyota zote, iitwayo Proxima Centauri.

Cyril Jackson alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaletwa Afrika ya Kusini angali mtoto, akaanza kazi katika nyumba hiyo mwaka 1928. Sayari ndogo 72 zimeandikwa kwa jina lake. Mwezi wa Julai, 1937, ulikuwa mwezi wa mavuno mema kwake. Tarehe 2 aliipata ile iitwayo sasa Pemba. Tarehe 5 akapata mbili kwa usiku mmoja, nazo ni Somalia na Mombasa.

HERUFI, NAMBA NA JINA

Walimu watapenda kujua kwamba sayari ndogo haipewi jina siku ionekanapo. Kwanza hupewa alama ya muda. Alama ya Mombasa ilikuwa 1937 NO, na maana yake ni hii. 1937 ni mwaka. Herufi ya kwanza yaonyesha nusu ya mwezi: A ni nusu ya kwanza ya Januari, B ni nusu ya pili, C ni nusu ya kwanza ya Februari, na kadhalika, ila herufi I hairukhusiwi, kwa kuwa yafanana na 1. Mtu akihesabu hivyo ataona N yaangukia nusu ya kwanza ya Julai. Herufi ya pili ni ya zamu katika nusu mwezi hiyo. O, ikiwa I imerukwa, ni ya 14. Kwa hiyo 1937 NO ni kitu cha 14 kilichoandikwa katika nusu ya kwanza ya Julai, 1937.

Alama hiyo ni kama cheti cha njiani. Sayari ikionwa mara ya pili na ya tatu, na njia yake ikajulikana hata haiwezi kupotea tena, hupewa namba ya daima. Mombasa ni ya 1428. Namba ikisha kutolewa, mvumbuzi hupewa heshima ya kupendekeza jina. Huu ndio utaratibu uliotokana na yaliyompata Piazzi: jina hufuata njia. Kinyota kisichojulikana njia yake ni kitone tu katika picha.

Jackson na wenzake walichagua majina mengi ya Afrika. Iko Tanga, iliyovumbuliwa mwaka 1930 na Jackson pamoja na Harry Edwin Wood. Ziko Kenya na Uganda, zilizopatikana siku moja, tarehe 15 Juni, 1933. Ziko Nyanza, Ruanda, Kampala na Tana za mwaka 1935, na Ruvuma ya mwaka 1937. Hivyo miji, mito na nchi zetu zimeandikwa katika orodha ya mbinguni itumiwayo na wataalamu wa mataifa yote, na yafaa watoto wa nchi hizo walijue jambo hilo.

NJIA YA MOMBASA

Sasa tuitazame njia yenyewe. Umbali wa kati wa Mombasa na jua ni vipimo 2.81, yaani kama kilometa milioni 420. Lakini njia yake si duara lenye jua katikati. Ikikaribia zaidi hufika vipimo 2.42, kama kilometa milioni 362. Ikienda mbali zaidi hufika vipimo 3.20, kama kilometa milioni 479. Hesabu ya kuonyesha kuvutwa kwake ni 0.14, ile ya duara kamili ni 0. Tena njia hiyo imeinama kiasi cha digrii 17 kuliko njia ya dunia, kwa hiyo Mombasa mara hupanda juu ya usawa wetu, mara hushuka chini yake.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi wake njia hii katika uwanja wa mchanga, pasipo gharama. Na atwae vijiti viwili, avisimike ardhini, sentimeta 14 toka kimoja mpaka cha pili. Na atwae uzi, aufunge ncha moja katika kijiti hiki na ncha ya pili katika kijiti kile, hata uzi ulio kati ya mafundo mawili uwe sentimeta 100 barabara. Kisha aukaze uzi kwa kijiti cha tatu, akiburure kijiti hicho mchangani, uzi ukiwa umekazwa daima, kwanza upande mmoja wa vijiti, halafu upande wa pili. Mchoro utakaotokea ndio umbo la njia ya Mombasa, nalo huitwa duaradufu. Kijiti kimoja kiitwe jua. Kijiti cha pili hakina kitu.

Mchoro huo ukipimwa, urefu wake utakuwa sentimeta 100, na upana wake sentimeta 99. Tofauti ni sentimeta moja tu, na jicho halitaweza kuitambua; watoto wote watasema ni duara. Lakini na wapime kutoka kijiti cha jua. Upande mmoja watapata sentimeta 43, upande wa pili 57. Umbo limekaribia sana kuwa duara, na hata hivyo jua liko mbali na katikati kwa sentimeta 7. Hapa mtu ataelewa kwa nini kudhani duara kulikuwa hatari katika habari ya Ceres: kosa lisiloonekana katika umbo lilikuwa kosa kubwa katika kutaja mahali. Mwisho, mwalimu achore duara la sentimeta 18 kutoka kijiti cha jua mpaka ukingoni. Hiyo ndiyo njia ya dunia kwa kipimo kile kile, nasi sote tumo humo.

KANUNI YA KEPLER

Mjerumani Johannes Kepler ndiye aliyetambua, mwaka 1609, kwamba sayari huenda kwa njia ya duaradufu, na mwaka 1619 alitangaza kanuni inayounganisha umbali na muda. Kanuni ni hii: utwae umbali wa kati kwa vipimo vyetu, uuzidishe kwa nafsi yake, kisha uzidishe tena kwa umbali ule ule. Halafu utafute hesabu ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake itatoa jibu lile. Hiyo ndiyo idadi ya miaka.

Tujaribu kwa Mombasa. 2.81 mara 2.81 ni 7.90, mara 2.81 tena ni 22.19. Hesabu ikizidishwa kwa nafsi yake ikaleta karibu 22.19 ni 4.71. Basi mwaka wa Mombasa ni miaka yetu 4.71, yaani kama siku 1,720. Mtoto aliyezaliwa siku sayari hii ilipopita mahali fulani atakuwa anakaribia miaka 5 itakaporudi pale pale.

Sababu ya muda huo mrefu ni mbili. Njia ni ndefu, na mwendo ni wa polepole kuliko wetu. Dunia huenda kama kilometa 30 kila sekunde. Mombasa, kwa wastani, kama kilometa 18. Hata huo haulingani siku zote. Ikiwa karibu na jua hukimbia zaidi ya kilometa 20 kwa sekunde, na ikiwa mbali hupungua hata 15 na kitu, kama jiwe lililorushwa juu linavyopunguza mwendo likipanda na kuongeza likirudi. Mvuto wa jua ndio unaoizuia isitoroke, na mwendo wake ndio unaoizuia isianguke juani.

Kwa kuwa dunia ni nyepesi wa mwendo, huipita Mombasa kila baada ya mwaka 1 na miezi 3 hivi. Wakati huo sayari hiyo huwa upande wa pili wa mbingu kuelekea jua, nayo hukaa juu usiku wa manane. Ndio wakati mwema wa kuipiga picha. Katika siku moja huonekana imesogea kati ya nyota pungufu kidogo ya nusu ya upana wa mwezi mpevu. Huo ndio msogeo ulioonekana katika mabamba ya Jackson.

HALI YAKE NA WENZAKE

Upana wa Mombasa ya mbinguni ni kati ya kilometa 50 na 60. Karibu ni mwendo wa kutoka mji wa Mombasa mpaka Kilifi, na ni pungufu ya urefu wa kisiwa cha Pemba. Ni nyeusi, yarudisha sehemu ndogo tu ya nuru ya jua iipigayo. Kwa udogo wake, weusi wake na umbali wake, haionekani kwa macho matupu, yataka darubini. Hakuna chombo kilichoizuru. Chombo cha Marekani kiitwacho Dawn kilikwenda kwa Vesta mwaka 2011, na kwa Ceres mwaka 2015, kikazizunguka na kupiga picha za karibu hata mwaka 2018 kilipoishiwa na mafuta.

Sayari ndogo zilizokwisha kuandikwa leo ni zaidi ya milioni moja, na zilizo nyingi ziko katika pengo lile la Mirihi na Mshtarii. Mtu asidhani kwamba zimesongamana kama mawe ya mtoni. Nafasi ni kubwa mno, na tangu chombo Pioneer 10 kilipopita katikati yake bila dhara mwaka 1973, vingine vimefuata salama. Zamani Olbers alidhani kuwa ni vipande vya sayari moja iliyovunjika. Fikira hiyo imeachwa. Zote zikikusanywa pamoja hazifiki hata sehemu ya kumi ya uzito wa mwezi wetu. Yaaminiwa kwamba ni masalio ya mawe ya kale ambayo hayakuweza kuungana yakawa sayari, kwa kuwa Mshtarii, kwa uzito wake mkubwa, ilikuwa ikiyavuta na kuyavuruga.

Mvuto huo unaendelea. Mwaka 1866 Daniel Kirkwood wa Marekani alionyesha kwamba katika kundi hili yako mapengo. Mathalani, mahali ambapo sayari ndogo ingezunguka jua mara 3 kamili katika muda ambao Mshtarii yazunguka mara 1, hapana karibu kitu. Kila ifikapo zamu, Mshtarii huivuta katika mahali pale pale, kama mtu asukumaye bembea kwa wakati wake, mpaka ikatolewa katika njia yake.

MWISHO

Nyumba ile ya Johannesburg ilifungwa mwaka 1971, na Jackson alifariki mwaka 1988. Mombasa yaendelea na safari yake, na mahali pake pa kesho, pa mwakani na pa miaka mingi ijayo paweza kutajwa na ye yote ajuaye hesabu zile sita. Haya yametoka kwa watu waliofanya kazi ndogo kwa uangalifu: padre aliyepima kila nyota zaidi ya mara moja, kijana aliyekataa kudhani, na mpiga picha aliyelinganisha kioo na kioo. Kama Piazzi asingaliandika kwa makini, hesabu ya Gauss isingalikuwa na cha kushika. Nasi twawasihi walimu wawafundishe watoto desturi hiyo hiyo, wanapoandika siku ya mvua ya kwanza, kimo cha mto, au mahali Kilimia kilipoonekana: waandike tarehe, wapime mara mbili, wasitie wasichokiona.

MASWALI KWA SHULE

1. Umbali wa kati wa Ceres na jua ni vipimo 2.77. Mwaka wake ni miaka mingapi ya dunia?

2. Umbali wa kati wa Vesta ni vipimo 2.36. Mwaka wake je?

3. Sayari ndogo Ruvuma ilionwa tarehe 16 Mei, 1937. Herufi ya kwanza ya alama yake ya muda ni ipi?

4. Kwa nini vipimo vya usiku tatu vyatakiwa, na cha usiku mmoja hakitoshi?

Majibu: (1) Miaka 4.61. (2) Miaka 3.63. (3) K, yaani nusu ya pili ya Mei. (4) Njia yataka hesabu sita, na kila kipimo huleta mbili tu.